Mbayuwayu Aingiaye Ardhini

Yakobi, Njombe
6 Oktoba 2024

Mpendwa Baba Mdogo Manase,

Kamwene. Naamini barua hii itakukuta mzima huko Makambako, na kwamba vumbi la malori halijakurudishia kile kikohozi chako. Huku baridi imeanza kulegea. Mama anakusalimu. Goti lake la kushoto linamsumbua asubuhi, lakini kanisani hakosi, na katika kwaya bado anaimba kwa nguvu kuliko wenye magoti mazima. Mdogo wangu Remmy anaendelea na useremala. Ameota ndevu, mkikutana stendi hutamjua. Mimi bado nafundisha bailojia palepale sekondari. Viazi tumeshapanda.

Nimekupigia simu mara nyingi, hupokei. Ndiyo maana nashika kalamu. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi, ameahidi kuileta mpaka gesti kwako.

Jambo lenyewe ni hili. Zile nyasi zetu za Juu, zile ambazo hakuna aliyewahi kuzilima, kijiji kimeamua zipandwe parachichi. Mwezi uliopita ndama wa Mwenyekiti Sadock alitumbukia kwenye shimo lililochimbwa na muhanga akavunjika mguu, kwa hiyo kikao kikasema mashimo yote yafukiwe kwanza kwa mawe na udongo, kabla ya katikati ya Desemba, ndipo trekta lipande. Mimi nimeombwa kuandika orodha ya ndege wanaozaa kule, kwa sababu kibali hakitoki bila orodha.

Wengi nimewamudu. Yule mdogo wa kahawia mwenye michirizi mgongoni, anayelia kama mtu anayekuna debe, nimemwandika. Dume mweusi wa mabega ya njano mwenye mkia mrefu, anayejenga bondeni kwenye majimaji, naye nimemwandika. Aliyenishinda ni mbayuwayu mmoja. Ni mweusi mwili mzima, tumboni hana weupe, kooni hana wekundu. Wako wawili. Wanaruka chini chini juu ya nyasi, halafu ghafla mmoja hayupo. Nimekaa kule siku tatu nikiwatazama, na kila mara wanapotelea mahali palepale, kana kwamba ardhi inawameza.

Wewe ndiye uliyetembea na watafiti wa ndege miaka kumi, wewe na marehemu. Nisamehe, nilitaka kuandika wewe na baba. Mama hataki tulitumie neno marehemu. Niambie huyu ni ndege gani.

Mwanao,
Esnath


Makambako
29 Oktoba 2024

Mwanangu Esnath,

Salamu zako zimefika, nazo zimenikuta na uhai. Kikohozi kinakuja na kuondoka kama mpangaji. Gesti ina wageni wa kutosha, wengi ni madereva wa mbao wanaosubiri foleni ya mizani. Mbele ya dirisha langu kuna familia ya mbayuwayu wenye koo jekundu, wamejenga kwa tope chini ya dari la baraza, na wageni wananilalamikia kinyesi. Siwabomolei. Msalimie shemeji Tabea, mwambie atumie mafuta ya parachichi kwenye goti.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Huyo ndege wako ni mbayuwayu mweusi wa kawaida. Rangi yake imefifia, ukimtazama juani ana ukijanijani kidogo kama mafuta ya gari yaliyomwagika. Anachimba tundu lake mwenyewe kwenye kingo za barabara na mito. Yupo kila mahali, hana thamani ya pekee. Andika hivyo. Unayemfikiria wewe, yule wa buluu, yuko Kitulo tu, kwenye nyasi za juu kabisa. Juu kwetu hayupo. Miaka yote tuliyohesabu hakuwapo, na daftari la watafiti linasema hivyo.

Kuhusu mashimo, Sadock amesema vema. Yafukiwe mapema. Usilale kifudifudi kuchungulia mashimo ya muhanga, mna nyoka. Na ukungu ukishuka usiende kule peke yako. Ukungu wa Juu unabadilisha mahali pa vitu.

Baba yako alipanda treni ya kwenda Zambia mimi nikiwa nimesimama pale kituoni. Nilimwona kwa macho yangu. Jambo hilo lilishakwisha, tusimsumbue mama yako nalo.

Baba yako mdogo,
Manase


Yakobi
3 Novemba 2024

Baba Mdogo,

Kamwene. Huku wote tumeamka salama. Mvua ya kwanza imenyesha na Remmy amepata kazi ya kutengeneza madawati ya usharika. Mama amesema asante kwa ushauri wa mafuta.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Sikukuuliza habari za treni.

Kuhusu ndege, niruhusu nikubishie kwa heshima, maana wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa mdogo kwamba ndege hatambuliwi kwa rangi tu, anatambuliwa na mahali anapozaa. Jumamosi nilikuwa Juu tangu saa tatu asubuhi, jua limewaka. Dume alipita karibu kiasi cha kumgusa. Hana ukijani wowote. Ni buluu ya chuma kilichosuguliwa, inayowaka. Mkia wake una nyuzi mbili ndefu, nyembamba kama waya. Alipotua kwenye bua na kujikuna ubavuni nikaona manyoya meupe yaliyofichwa chini ya yale meusi. Mbayuwayu mweusi wa barabarani hana hayo. Tena, Juu hakuna kingo wala mto. Ni nyasi tupu. Angechimba wapi?

Nilifuata mahali anapopotelea. Kuna shimo. Mdomo wake ni mdogo, hauzidi ungo, nyasi zimeufunika pande zote. Ungeweza kupita hatua mbili kando usilione. Ndani limepanuka kama nyumba. Nililala kifudifudi, ndiyo, nisamehe. Hewa inayotoka ni ya baridi, ina harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu. Niliita "Hoi!" kupima kina. Sauti yangu haikurudi. Kilichorudi, baada ya muda kidogo, kilikuwa kama mtu anayesafisha koo. Remmy, aliyenisindikiza, anasema ni upepo. Lakini hakukuwa na upepo, na yeye ndiye aliyetangulia kuondoka.

Kuna jambo lingine. Ndege anayejenga huingiza vitu: tope, mizizi, manyoya. Huyu jike nilimwona akitoka na kitu. Uzi ulikuwa unaning'inia mdomoni mwake, mrefu kama mkono wangu, wa rangi ya chungwa. Aliuburuta mpaka kwenye nyasi mbele yangu, akaudondosha, akarudi ndani.

Nimeuhifadhi katikati ya kitabu. Niambie tena, Baba Mdogo, huyu ni ndege gani.

Esnath


Yakobi
24 Novemba 2024

Baba Mdogo Manase,

Kondakta anasema barua ya tarehe tatu alikukabidhi mkononi, na kwamba uliisoma ukiwa umesimama, ukaingia ndani bila kumuaga. Sijapata jibu. Siku ishirini na moja.

Sisi ni wazima. Mama si mzima sana.

Sikukusudia auone ule uzi. Alikuwa anatafuta miwani yake mezani kwangu, akafungua kitabu. Nilimkuta amekaa, ameushika kwa vidole viwili. Haukuwa umenyooka, ulikuwa na mikunjo midogo midogo, sawasawa, kama mawimbi ya nywele zilizofumuliwa. Akaniambia, "Uzi mpya umenyooka. Uzi uliowahi kufumwa haunyooki tena, hata ukiuvuta. Huu ulikuwa sweta."

Nikamwambia, "Mama, nyuzi za rangi hii ziko nyingi sokoni."

Akasema, "Ziko nyingi. Nilinunua mabonge mawili hapo hapo sokoni mwaka ule. Nilifuma vifundo vinene kwa sababu baba yenu alikuwa anasikia baridi mabegani." Kisha akaniuliza uzi umetoka wapi, nami sikuweza kumdanganya.

Hajalia. Amekuwa anaamka alfajiri, anafungua dirisha la upande wa Juu, anasimama pale na shuka lake. Jana aliniuliza kama huyo ndege anaingia ndani kabisa au anaishia mlangoni. Nikamwambia anaingia ndani kabisa. Akasema, "Basi anamwona."

Mwenyekiti ameleta tripu za kwanza za mawe. Mashimo ya upande wa chini yamefukiwa. Letu litafikiwa tarehe tisa au kumi Desemba. Nikiandika kwenye orodha "mbayuwayu mweusi", hakuna atakayelizuia trekta. Nikiandika yule wa buluu, ambaye ni adimu, watakuja watu wa halmashauri kutazama shimo. Lakini mimi ni mwalimu wa sekondari tu. Wataniuliza nani amethibitisha, wakati daftari la miaka yote linasema hayupo.

Daftari hilo uliliandika wewe. Nakuuliza kwa mara ya tatu, na sitauliza tena.

Esnath


Makambako
2 Desemba 2024

Mwanangu Esnath,

Shikamoo zimfikie shemeji Tabea, ingawa umri wetu ni mmoja na sijawahi kumwamkia hivyo. Mwanzo wa barua hii sina habari za gesti. Nimefunga vyumba tangu juzi.

Ni mbayuwayu wa buluu. Andika hivyo, na uandike kwamba Manase, aliyekuwa msaidizi wa watafiti, amethibitisha. Anazaa ndani ya mashimo ya ardhini kwenye nyasi za juu zisizolimwa, na hurudi shimo lilelile kila mwaka. Alikuwapo Juu miaka yote. Kabla sijaacha kazi nililinakili daftari upya, nikaandika "hayupo" miaka yote, kwa sababu anayemfuata huyo ndege atafika kwenye shimo.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa. Usiruke mstari.

Mwaka 2005 watafiti walitaka kuajiri mmoja wetu moja kwa moja. Wakamchagua baba yako, Ezekia. Alistahili, aliandika vizuri na alikuwa na subira. Jumapili baada ya ibada nilimtolea maneno mbele ya watu, nikasema, "Utaona." Hata sikujua nilimaanisha nini. Watu walisikia.

Kesho yake, Jumatatu tarehe 14 Novemba, tulikwenda Juu kuhesabu makinda. Alilala kwenye mdomo wa shimo na kioo kidogo mkononi, kumulika kiota kilichoshikizwa ukutani kwa ndani. Ukingo ulikuwa umelowa mvua. Ulikatika, akaenda nao. Sikumgusa, Esnath. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, nimenuna.

Nikaita, "Kaka!"

Akajibu, "Niko hai. Mguu umevunjika. Lete kamba, usikimbie ovyo."

Nilikimbia ovyo. Kamba ilikuwa kwenye banda la watafiti, nusu saa. Niliporudi ukungu ulikuwa umeshuka. Unaujua ukungu wa kule, unanyoosha mkono huoni vidole. Mashimo ni mengi na nyasi ni zilezile. Nilizunguka nikiita mpaka giza. Sikusikia kitu.

Utaniuliza kwa nini sikushuka kijijini kuita watu. Nimejiuliza hilo kila siku. Nilijiambia nitamtoa mwenyewe, kisha tutacheka. Giza likaingia. Nikajiambia kesho. Na kila saa niliyochelewa kusema ilikuwa inaongeza kosa, mpaka kosa likawa kubwa kuliko mdomo wangu. Wangesema Manase aliahidi, na ametimiza.

Jumanne nilirudi, ukungu bado. Jumatano vilevile, niliita mpaka sauti ikakauka. Jumatano hiyo jioni nikiteremka nikakutana na mama yako akitoka kuteka maji. Alidhani tumelala kambini kama tulivyozoea, lakini alikuwa na wasiwasi. Akauliza, "Shemeji, Ezekia yuko wapi?" Nikasema, "Amepanda treni." Ni maneno mawili. Sikuwa nimeyapanga. Nimeishi ndani yake miaka kumi na tisa.

Ijumaa ukungu ulifunguka. Nilikaa kwenye nyasi, nikawaona mbayuwayu wanaingia na kutoka, ndipo nikalijua shimo. Nililala, nikaita. Kimya. Nilikaa pale mpaka jua likazama. Kisha nikahamia Makambako.

Naamini alikufa Jumatatu ileile. Ndivyo nilivyojiambia, kwamba majeraha ya ndani yalimchukua haraka.

Barua yako ya tarehe tatu ilifika asubuhi. Mchana wa siku hiyo niliingia chumbani nikakuta ndege ndani. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Nilidhani ni mmoja wa wale wa barazani. Alikuwa ametua kwenye msumari ninaotundikia koti. Koo halikuwa jekundu. Mkia ulikuwa na nyuzi mbili. Esnath, nimewahesabu ndege hao miaka kumi na sijawahi kumwona hata mmoja mjini, hawakai penye nyumba, hawatui penye watu. Alinitazama kwa muda mrefu. Nilifungua dirisha, hakutoka. Nilitoka mimi. Niliporudi hakuwapo, na dirisha upepo ulikuwa umelifunga.

Shimo unalijua. Nenda na watu, nenda na ngazi, usimruhusu Remmy aende peke yake. Nipo hapa. Sitapanda kitu chochote kinachoondoka.

Manase


Yakobi
12 Januari 2025

Baba Mdogo Manase,

Kamwene. Mama anaendelea. Remmy anaendelea. Viazi vya mwanzo tumeanza kuchimba, vimekuwa vikubwa. Mvua inanyesha vizuri.

Barua yako niliipeleka polisi Njombe siku niliyoipokea. Sikuificha, na nadhani hukutarajia niifiche. Watakuja kuchukua maelezo yako kama hawajafika. Ni hao hao waliosimamia kazi ya kushuka shimoni tarehe saba Desemba, pamoja na daktari mmoja. Mwenyekiti Sadock mwenyewe alishika ngazi. Aliposikia, aliyaondoa mawe yake yote yaliyokuwa karibu na shimo, moja moja kwa mikono.

Remmy alishuka pamoja na polisi mmoja. Nilimkatalia, akaniambia, "Dada, mimi ndiye nisiyemkumbuka. Acha nimwone." Ndege walikuwa na makinda. Walikuwa wanapita kichwani mwake wakilia, wanaingia na kutoka katikati ya watu kana kwamba sisi si kitu.

Baba hakuwa pale alipoangukia. Alikuwa amejikokota mpaka upande wa pili, ameegemea ukuta, ameukunja mguu mzima na kuunyoosha ule mwingine. Bega la sweta limebaki. Kiota kiko juu yake kidogo, kimo cha mtu aliyesimama. Nyuzi zinatoka begani mpaka kwenye kiota. Ndani ya kiota nyingine zimefumwa pamoja na mizizi na manyoya meupe.

Ulisema nisiruke mstari, na wewe usiruke. Kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, kulikuwa na daftari la kuhesabia na penseli. Maji yaliingia kurasa za pembeni. Za katikati zinasomeka. Polisi walinipa nilinakili kabla ya kulichukua. Hizi hapa, kama alivyoandika:

*Jumatatu. Saa nane. Nimeanguka. Mguu wa kulia. Manase amekwenda kuleta kamba. Makinda matatu, wana manyoya machache. Jike ameogopa, dume ameendelea kulisha.*

*Jumanne. Ukungu, mwanga mdogo. Jike amerudi. Wamelisha mara 22 mpaka nilipolala. Nanyonya maji ya ukutani.*

*Jumatano. Manase ananiita. Yuko upande wa mashariki. Nimemjibu. Hasikii, shimo linameza sauti. Ameita muda mrefu sana. Maskini, amechoka, sauti yake imekauka. Nimejibu kila mara.*

*Alhamisi. Wamelisha mara 31. Kinda mkubwa amesimama ukingoni mwa kiota. Tumbo lao la chini lina weupe uliofichika, ukiwa chini yao unaonekana vizuri kuliko juani. Tulikosea kuandika kwamba dume tu anao.*

Baada ya hapo hakuna kitu.

Siku uliyomwambia mama habari ya treni, baba alikuwa hai na alikuwa anahesabu. Siwezi kukuficha hilo ili ulale. Niliwaza kukuambia alikufa Jumatatu, kama ulivyotaka. Kalamu ilikataa.

Tulimzika tarehe nne mwezi huu, kaburi la kanisani, watu walijaa mpaka barabarani. Mchungaji alisoma jina lake, na mama alilitamka lile neno alilotukataza, marehemu, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Halmashauri wamekuja wakaona ndege, wamezuia trekta. Mimi nimepeleka orodha, na kwenye mstari wa mbayuwayu wa buluu nimeandika majina mawili ya waliothibitisha. La kwanza ni la Ezekia.

Usiku wa mazishi nilimsomea mama kurasa zile zote. Ya Jumatano aliniambia niirudie. Nikairudia. Kisha akasema, "Kumbe alimtafuta."

Nikamwambia, "Mama, alimtafuta, halafu alikuja akatudanganya."

Akasema, "Nimesikia yote mawili. Mwandikie aje. Asije kama mgeni, aje na jembe, kaburi la kaka yake litaota majani." Amenituma nikuandikie hivyo kama alivyosema, nami nimetii.

Hayo ni maneno ya mama. Yangu ni haya. Ukija nitakupokea mzigo stendi. Nitakuchemshia maji ya kuoga, nitakupa chumba cha upande wa barabara, na chakula utakula mezani pamoja nasi. Lakini kwa sasa usiniite mwanangu. Niite Esnath. Siku nikiweza kuitika, utasikia.

Esnath Ezekia